Supachaja au injini kubwa zaidi: ushauri kwa fundi anayeanza Nakuru, Eldoret na Kisumu

Mteja mwenye Corolla ya AE100 au AE110 anaingia gerejini akilalamika kwamba gari likianza kupanda kuelekea Kibunja linaishiwa nguvu, na ukiongeza abiria wanne linataka gia ya pili. Chini ya boneti kuna 5A-FE ya lita 1.5. Ameshasikia njia mbili: kufunga supachaja (pampu inayozungushwa na injini ili kuisukumia hewa) kwenye injini aliyonayo, au kuing'oa na kuweka kubwa zaidi inayovuta hewa yenyewe. Anataka umwambie ipi ni ipi. Usimjibu kabla hujamuuliza gari linaishi wapi na linakwenda wapi kila wiki, kwa sababu jibu liko kwenye hewa kabla ya kuwa kwenye chuma.

Pwani, usawa wa bahari, hewa inakandamiza kwa kilopaskali 101 hivi. Kisumu iko mita 1,130 juu, na kanieneo (presha ya hewa) imeshuka hadi 88. Nakuru, kwenye mita 1,850, ni 81. Eldoret, mita 2,100, ni 78 au 79. Timboroa inapita mita 2,700, na huko ni kama 72 tu. Injini inayovuta hewa yenyewe haina ujanja mbele ya namba hizi: inajaza silinda kwa kile ilichopewa. Ukizingatia pia kwamba Nakuru ni baridi kuliko pwani (hewa baridi ni nzito kidogo), injini ya farasi 100 Mombasa inabaki na kama farasi 82 Nakuru. Hakuna kilichoharibika, na hakuna plagi itakayorudisha hizo 18.

Sasa fanya hesabu ya kwanza, ile ambayo wageni wengi wa kazi hii huiruka. 5A-FE ina ujazo wa sentimita 1,498. 7A-FE, ndugu yake mkubwa wa familia ile ile, ina 1,762. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 17 na kidogo. Zidisha na hasara ya Nakuru: 0.82 mara 1.176 ni 0.96. Maana yake 7A ikiwa Nakuru inapumua karibu sawa na 5A ikiwa Mombasa. Mteja anayetaka tu gari lake liwe kama gari la 1.5 linavyopaswa kuwa, umeshamtibu kwa kubadilisha injini, bila mkanda wa ziada wala kompyuta mpya. Wengi wanaokuja wakitaja supachaja, ukiwasikiliza vizuri, hicho ndicho wanachotafuta.

Supachaja inafanya kazi kwa namna nyingine. Ile ya rota mbili, mfano Eaton au SC12 ya Toyota, ni pampu inayosukuma ujazo ule ule kila mzunguko. Kwa hiyo haiongezi kiasi fulani cha presha. Inazidisha ile iliyopo. Chukua puli zinazozidisha mara 1.5. Mombasa utasoma busti (presha iliyozidi ile ya hewa ya nje) ya 0.5 bar kwenye geji; bar moja ni kilopaskali 100. Nakuru, 0.81 mara 1.5 ni 1.21, na geji itasoma 0.40. Kisumu itasoma 0.44. Timboroa itasoma 0.36 tu, lakini ndani ya manifoldi bado kuna bar 1.08, zaidi ya hewa ya pwani. Hapo ndipo uzuri wa supachaja ulipo kwa mtu anayeishi kati ya Eldoret na Burnt Forest: inamrudishia hewa aliyonyang'anywa na mwinuko, na chenji inabaki.

Kosa la mgeni ni kuangalia geji Nakuru, kuona 0.40, kukumbuka kwamba alimwahidi mteja 0.5, na kufunga puli ndogo zaidi. Sasa uwiano wa presha umekuwa 1.62. Nakuru kila mtu anafurahi. Gari likishuka Kisumu, geji inapanda hadi 0.55, joto la mchana linapita digrii 30, na injini inaanza kugonga kama changarawe kwenye kopo. Likifika Mombasa ni 0.62. Turbo yenye valvu ya kupunguza presha ingejirekebisha yenyewe. Supachaja ya puli haijui iko wapi. Panga puli kwa sehemu ya chini kabisa ambayo gari litafika, si kwa mlango wa gereji yako.

Joto ni jambo la pili, na hapa namba zinavunja ndoto nyingi. Hewa ya digrii 25 ikikandamizwa mara 1.5 na supachaja ya rota, ambayo kwa ufanisi si hodari sana, inatoka ikiwa na digrii 90 hivi. Hewa ya moto ni nyepesi. Kwa hiyo umezidisha presha mara 1.5 lakini uzito wa hewa umeongezeka mara 1.23 tu. Ukiweka intakula nzuri, yaani ile radieta ya kupoza hewa, joto linashuka hadi digrii 50 hivi na, ukitoa presha kidogo inayopotea ndani yake, ongezeko linafika mara 1.33. Toa farasi 10 au zaidi zinazoliwa na mkanda wenyewe kuzungusha rota. Kwa maneno mengine, 1.5 yenye busti hiyo na intakula ni kama injini ya lita 1.9 au 2.0, bila intakula haiizidi sana 1.8. Ukimfungia mteja supachaja bila intakula, umemuuzia 7A kwa bei kubwa zaidi na joto juu yake.

Tuseme mteja amekubali njia ya injini kubwa. Kazi inaonekana rahisi kwa sababu 7A inakaa kwenye giaboksi za familia ile ile na maunti zinafanana, lakini rahisi haimaanishi chomoa-chomeka. Bloku ya 7A ni ndefu zaidi kwenda juu, kwa kuwa safari ya pistoni imetoka milimita 77 hadi 85.5, ingawa kipenyo cha silinda ni 81, sawa na cha 4A, ndugu mwingine wa familia hiyo. Belti ya taimingi ya 5A haitaingia. Nunua ya 7A. Bomba la ekzosti litakaa juu kidogo, kwa hiyo usilikate la zamani mpaka injini iwe imekaa kwenye maunti zote. Hesabu mashimo ya flaiwili kwenye kranki ukiwa bado dukani, na upime klachi juu ya flaiwili hiyo hiyo.

Nyingi za 7A zinazotoka Japani kwenye Carina, Caldina na Premio ziliundwa kuchoma mchanganyiko wenye petroli kidogo sana. Nyaya zake na kontroli boksi yake (kompyuta ya injini) si sawa na za kawaida. Ukiweka injini hiyo na kompyuta ya 5A, itawaka, itatembea, na mteja atarudi baada ya wiki mbili akisema inakula mafuta na inapoteza nguvu ikipata moto. Nunua injini pamoja na kontroli boksi yake, waya zake zote bila kukatwa, na sensa ya oksijeni ikiwa imekaa mahali pake. Muuzaji aliyekata waya kwa panga ili kuokoa dakika kumi amekupotezea siku tatu.

Kupima kompresheni kunahitaji uangalifu wa pekee huku kwetu. Namba za kitabu ni za usawa wa bahari. Injini ambayo kitabu kinasema itoe psi 180 itatoa karibu 144 ikiwa nzima kabisa Nakuru, na 157 Kisumu. Wageni wamekataa injini nzuri kwa sababu hii, na wengine wamezifungua bure. Angalia tofauti kati ya silinda na silinda: zikipishana zaidi ya asilimia 10, ulizia sababu. Toa plagi zote nne, kanyaga mafuta mpaka mwisho ili koo lifunguke, betri iwe na nguvu, na zungusha mara sita kwa kila silinda. Kisha tia kijiko cha oili kwenye ile dhaifu na urudie. Ikipanda, ring zimechoka. Isipopanda, tafuta kwenye valvu au gasketi. Geji ya vakyumu nayo hupungua kwa inchi moja kila mita 300, kwa hiyo inchi 13 kwenye sailensi (injini ikiunguruma bila kukanyagwa) Nakuru si ugonjwa.

Mteja ataomba uriboe, yaani upanue silinda, ili apate nguvu. Mweleze kwa namba. 7A ikiribolewa hadi saizi ya milimita 0.50, ujazo unatoka 1,762 hadi 1,784. Ni sentimita 22, asilimia moja na kidogo, hawezi kuzihisi. Kuriboa ni dawa ya silinda zilizochakaa au zilizoingia duara la yai. Uwiano wa kompresheni unalipa zaidi kidogo: kutoka 9.5 hadi 10.5 unapata kama asilimia 2.5 hadi 3, na mwinuko unakusaidia kwa sababu presha ndani ya silinda ni ndogo kuliko pwani. Ila kupanda hata kutoka 9.5 hadi 10 tu ni kupunguza sentimita za ujazo 2.9 kwa kila chumba. Usiskimu hedi (kukata uso wake) kwa kukadiria. Pima chumba kwa sirinji na mafuta ya taa chini ya kipande cha kioo, ukate, upime tena. Na petroli ni ile ya super inayopatikana kila mahali. Usiunde injini inayodai mafuta ambayo mteja hatayapata Londiani saa nne usiku.

Kwa njia ya supachaja orodha ni ndefu zaidi, na kila kitu ndani yake kina sababu. Anza na uwiano wa kompresheni. 5A-FE ya kawaida iko juu ya 9.5, na pistoni zake ni za kuyeyushwa, si za kufuliwa. Ukiziacha kama zilivyo, kaa kwenye puli za kiasi, zinazozidisha presha mara 1.4 basi. Nakuru utasoma 0.32 kwenye geji, na hiyo inatosha kwa gari la kwenda kazini. Ukitaka kupita hapo, shusha kompresheni hadi kati ya 8 na 9. Toyota wenyewe waliweka 8.0 kwenye 4A-GZE (4A yao yenye supachaja ya kiwandani) za mwanzo na 8.9 baadaye, wala hawakufanya hivyo kwa kukosa ujuzi.

Ukifungua bloku, nafasi ya ring ya juu irekebishwe. Kwa injini ya kawaida yenye silinda ya milimita 81, nafasi ya 0.32 inafaa, kwa yenye busti weka 0.40. Ring ikipanuka kwa joto ncha zake zikagusana, inakamata ukuta na kuvunja kingo za pistoni, na ukifungua utadhani ni oili iliyokosekana. Sukuma ring kwa pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawa, pima kwa fila geji, na utie tupa taratibu upande mmoja tu.

Uwiano wa puli usiuchague kwa macho. Eaton M45, ambayo mafundi wengi huipata kwenye Mercedes za Kompressor zilizovunjwa, inasukuma inchi za ujazo 45 kila mzunguko, sawa na sentimita 737. 5A inavuta nusu ya ujazo wake kila mzunguko wa kranki, yaani 749, na kwa uhalisia asilimia 88 ya hiyo, 659. Unataka mara 1.33 ya hewa: 877. Supachaja yenyewe inavuja kidogo, chukua asilimia 85 ya 737, ni 626. Gawa 877 kwa 626 upate 1.4, ambao ni uwiano wa mizunguko ya puli, si wa presha. Puli ya kranki ya milimita 140 na ya supachaja ya 100 ni mwanzo mzuri. Baada ya hapo geji ndiyo inayosema.

Mkanda uizunguke puli ya supachaja angalau nusu ya duara, la sivyo utateleza. Dalili ni hii: busti inapanda vizuri hadi mizunguko 4,500, kisha inashuka, na kuna vumbi jeusi kwenye mabano. Usikaze zaidi na zaidi, utaua beringi za pampu ya maji na za supachaja; ongeza puli ya kubana. Valvu ya kupitisha hewa pembeni lazima ifunguke ukiachia mafuta. Ikikwama imefungwa, hewa haina pa kupita, inakandamizwa na kuchemka hata kwenye foleni ya mjini, na petroli inaliwa bure. Oili ya gia za mbele ya supachaja ni chache na ni ya aina yake. Iliyotoka kwenye gari lililovunjwa huwa haijawahi kubadilishwa, kwa hiyo ibadilishe kabla hujaifunga.

Injekta: zidisha farasi unazotaka kwa 6.3, gawa kwa nne, gawa tena kwa 0.8. Kwa farasi 180 ni sentimita 354 kwa dakika kila moja. (Kwa injini isiyo na supachaja tumia 5.25 badala ya 6.3.) Plagi ziwe baridi kwa hatua moja, na nafasi yake 0.7 hadi 0.8 badala ya 1.1, kwa sababu busti huzima cheche. Sensa ya presha ya manifoldi ya Corolla hizi husoma hadi kanieneo ya kawaida tu; ikipita hapo kompyuta inakuwa kipofu na injini inapata petroli kidogo wakati inapohitaji nyingi. Hicho ndicho kinachotoboa pistoni. Weka sensa ya bar 2 na kompyuta inayorekebishika, au usianze. Kwa mzigo kamili lenga uwiano wa hewa kwa petroli wa 11.5 hadi 12.0, injini inayovuta yenyewe inaridhika na 12.8 hadi 13.0. Pima kwa waidibendi, sensa ya ekzosti inayosoma uwiano huo. Rangi ya plagi ni ushahidi wa kuchelewa. Kwa cheche, mwanzo salama ni kupunguza digrii moja kwa kila 0.07 bar ya busti.

Vumbi linastahili sentensi zake. Barabara za miwa za Muhoroni na Chemelil, na murram ya Molo, zina unga mwekundu unaopita penye mwanya wowote. Rota za supachaja zimepakwa rangi maalumu na nafasi kati yake ni nyembamba kama unywele. Unga ukiingia unaichubua, busti inapungua kila mwezi, na hakuna fundi wa huku atakayeirudishia ile rangi. Kichujio kile cha koni kilicho wazi kando ya radieta, kinachopendwa kwa sauti, kiache. Tumia boksi la kichujio lililofungwa, na mpira wa bomba ubanwe kwa klipu za skrubu pande zote mbili.

Kupoza kunahusu njia zote mbili, ila supachaja inaadhibu haraka. Maji yanachemka digrii 94 hivi Nakuru na 91 Timboroa. Kifuniko cha radieta chenye spring nzima ndicho kinachoyazuia yasichemke, na kifuniko hicho ndicho kitu cha bei ndogo kinachosahaulika zaidi. Badilisha na utumie kulanti, si maji ya bomba. Intakula ikiwekwa mbele ya radieta inaiziba. Kama injini ilikuwa tayari inapanda joto kwenye mlima wa Kericho, tibu hilo kwanza.

Kwa anayetaka kushindana, kabla ya yote asome darasa lake. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, huzidisha ujazo wa injini ya petroli yenye busti kwa 1.7. 4A-GZE ya 1,587 inahesabiwa kama 2,698, na anajikuta darasa moja na magari ambayo hatayaweza. Waandaaji wa mashindano ya hapa watamwonyesha kanuni wanayoitumia. Aiulize kabla ya kununua chochote. Kwa barabarani, namba ya injini ikibadilika, logbuku ibadilishwe kupitia NTSA na gari lipite ukaguzi. Muuzaji atoe risiti yenye namba ya injini na hati za forodha. Supachaja haibadilishi namba, lakini kampuni ya bima iambiwe kwa maandishi.

Kwa hiyo, unamshauri nini mteja wa asubuhi? Kama anaishi Kisumu, Ahero au Busia na anapanda juu mara chache, injini kubwa. Hasara yake ya hewa ni ndogo, joto ni kubwa, na supachaja itamsumbua kila mchana. Kama yuko Nakuru na anataka gari la kazi, bado injini kubwa, labda na 10.0 ya kompresheni ukiipima vizuri. Kama yuko Eldoret, Timboroa au Nyahururu, ana fedha za kompyuta, injekta, intakula na siku mbili za kupima, na yuko tayari kuona geji kila akiendesha, supachaja ya mara 1.4 itampa kitu ambacho sentimita 264 za ziada haziwezi. Kama fedha zake zinaishia kwenye supachaja yenyewe, mkatalie. Breki za mbele zenye diski za kupitisha hewa ziingie kwenye bei ya njia yoyote. Mteremko wa Sachangwan haujali umepata nguvu kwa njia gani.

Kupima kwa mwisho kufanyike chini, penye joto. Gari likitoka gerejini Nakuru likiwa limerekebishwa, lipelekwe hadi uwanda wa Ahero saa saba mchana, tangi likiwa na super ya kawaida, watu wanne ndani. Zima redio, funga kiyoyozi, teremsha vioo. Gia ya tatu, mizunguko 2,500, kanyaga mpaka mwisho hadi 5,500, mtu mwingine akisoma waidibendi na busti na kuandika. Ukisikia injini ikigonga hata mara moja tu, achia, punguza cheche digrii mbili, subiri dakika tano injini ipoe, rudia. Likipita mara tatu mfululizo bila kugonga, toa plagi zote hapo hapo kando ya barabara na uziangalie kwa lenzi: chembe ndogo za kung'aa kwenye kauri ni alumini ya pistoni, na gari hilo linarudi Nakuru juu ya lori.